Munyiva Avaa Nyeupe

Siku ya kwenda Matuu kuonwa na shangazi Qaali, Munyiva alijiangalia kwenye kioo mpaka mamake akamwuliza kama anangoja kioo kimjibu. Lakini tusimcheke. Msichana anayekwenda kwa watu ambao bado hawajamkubali ana haki ya kujiangalia. Tena alikuwa amependeza, wacha niseme ukweli. Gauni jeupe lisilobana, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono mpaka kwenye viganja, na mtandio mweupe uliozunguka kichwa ukashuka hadi kiunoni. Unywele hauonekani, kiwiko hakionekani. Kila kitu alikishona mwenyewe kwa cherehani yake pale sokoni Kangundo, na sidhani kama mwaka ule wa baada ya mvua za El Nino kuna msichana mwingine aliyetoka Kangundo amejisitiri kwa heshima kama yeye.

Mamake, Kaluki, alikuwa mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Kaluki hakosi misa, na jambo hili la mchumba Mwislamu lilikuwa limemkaa kooni tangu Krismasi.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "Matuu ni jua tupu. Utaiva ndani ya hiyo nguo."

"Ndiyo nikachagua nyeupe, mwaitu. Nyeupe haishiki jua. Na ninakoenda ni mahali pa kuombea. Hata wewe huwezi kuingia kanisani na mabega nje."

"Mimi nafunga leso kichwani, naomba, narudi. Wewe umejifunga kama mtu anaenda kuzikwa. Na hao watu hata chai yetu hawajakuja kunywa."

Alisema tu vile mama husema akiwa na uchungu. Lakini neno lile Munyiva aliondoka nalo.

Mchumba mwenyewe aliitwa Abdihakim, mfanyabiashara wa ng'ombe. Walijuana kwa sababu ya suruali. Aliipeleka kwa Munyiva ikunjwe miguuni, akailipia, akaenda. Baada ya wiki akairudisha, eti pindo limefumuka. Wiki nyingine tena, pindo limefumuka. Munyiva alipoliangalia vizuri akaona limefumuliwa kwa wembe, uzi baada ya uzi, kwa subira kubwa. Akamwambia, "Kama unataka kuniona, sema, uache kunitesea uzi." Yule mwanamume mrefu akacheka mpaka akashika meza, na Munyiva akajua hapo hapo kwamba amekwisha.

Abdihakim hakuwa na baba wala mama. Aliyemlea ni shangazi yake, Qaali, dada ya marehemu baba yake, na bila neno la Qaali hakuna shehe wa Matuu ambaye angefunga ile nikaha. Qaali hakuwa amekataa. Alisema tu huyo msichana aje kwanza ziara, kwenye kaburi la babu yao, Sheikh Gelle, kando ya msikiti mdogo nje ya mji. Anataka kuona atakavyokuja mbele ya wafu wa watu. Akija vizuri, basi. Akija vibaya, basi vilevile.

Munyiva alimwuliza Abdihakim avae nini. Akaambiwa nguo ndefu isiyobana, kichwa kifunikwe, viatu vivuliwe langoni. Rangi hakutaja. Mwanamume gani hukumbuka rangi? Halafu akaenda Garissa kuchukua ng'ombe, akaahidi kwamba siku ya ziara atakuwa langoni akimngoja.

Lakini rangi Munyiva alikuwa nayo tayari kichwani, na hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Mwezi mmoja kabla, Abdihakim alikuwa amempeleka kuona mahali penyewe kwa nje, mchana jua likiwa utosini. Walisimamisha pikapu barabarani. Abdihakim akashuka kusalimiana na wachungaji waliokuwa wakinywesha mbuzi, na Munyiva akabaki ndani ya gari, dirisha wazi. Ng'ambo ya ua wa miiba kulikuwa na makaburi, na kando ya kaburi moja alisimama mwanamke. Nyeupe kutoka kichwani mpaka chini. Vumbi jekundu la Yatta lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, juu ya miiba, juu ya mbuzi, juu ya kope za Munyiva mwenyewe, lakini ile nguo haikuwa na doa. Mbuzi waliokuwa karibu na ua walikuwa wameacha kula, wote wamegeukia upande ule.

Munyiva ni fundi, na fundi huangalia nguo kabla hajamwangalia mwenye nguo. Aliona jinsi mtandio ulivyopita chini ya kidevu. Aliona mkono wa kushoto wa gauni umekunjwa pindo moja juu ya kiwiko, kitambaa kikiwa bado kinafika kiganjani, na kushikizwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa ya mkono, na akadhani ndio mtindo wa watu wa kule. Akawaza, hivi ndivyo wanavyovaa kwa heshima. Mwanamke akainua uso, wakaangaliana. Alikuwa kijana kuliko Munyiva alivyodhani. Munyiva alipogeuka kumtafuta Abdihakim kisha akaangalia tena, hapakuwa na mtu. Ameingia msikitini, akawaza. Hakumwambia Abdihakim kitu, kwa kuwa alitaka kumshtua siku yenyewe. Aliporudi Kangundo alinunua kitambaa akashona kile alichokiona, mpaka ule mkunjo, mpaka ule uzi mweusi.

Basi. Siku ikafika, na Munyiva akatembea kutoka mjini Matuu kwa miguu, jua likimchoma kupitia nyeupe yake, maembe yameoza kando ya njia na nzi wakiyalilia. Jasho lilimtiririka mgongoni lakini hakufungua hata kifungo. Alijisemea kwamba akifika, Abdihakim atamwona kwanza kwa mbali, na atacheka vile anavyocheka.

Langoni hapakuwa na Abdihakim. Alikuwepo Farhia, binti wa shangazi Qaali, msichana mchangamfu aliyewahi kushonewa sketi na Munyiva. Alifungua lango akitabasamu na jagi la maji mkononi. Kisha tabasamu likakauka. Jagi likamponyoka, maji yakamwagika mchangani, na Farhia akarudi nyuma bila kuliokota.

Barazani kwa msikiti kulikuwa na wazee wameketi mkekani. Waliacha kuzungumza. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Munyiva si Mwislamu, lakini ni nani Kenya hii hajui maneno hayo husemwa lini? Ndani ya jua lile alisikia baridi. Akavua viatu, kwa sababu hicho alikuwa na hakika nacho, akasimama na viatu mkononi.

Shangazi Qaali akatoka ndani ya nyumba yake, iliyo kando ya msikiti. Mwembamba, mrefu, uso kama wa Abdihakim ukiondoa kicheko. Hakusalimu.

"Wewe," akasema. "Umekuja kulilia nani?"

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni Munyiva, wa Abdihakim."

"Wa Abdihakim najua. Nauliza umekuja kulilia nani."

Munyiva hakuelewa, na Farhia ndiye aliyemweleza, akinong'ona, macho yamejaa machozi. Kwao mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda kwa nguo nyeupe. Nyeupe tupu, kuanzia kichwani. Msichana ambaye hajaolewa havai hivyo, na mchumba wa mtu havai hivyo kabisa, kwa sababu ni kama kumchimbia mwanamume kaburi akiwa hai.

Munyiva alitamani ardhi ipasuke. Akaomba msamaha mara ngapi sijui. Akasema kwao nyeupe ni ya bibi harusi, ni ya komunio ya kwanza, ni ya furaha. Akasema hakujua. Kisha likamjia wazo lililosukuma mengine yote pembeni, akauliza Abdihakim yuko wapi.

Qaali akaangalia barabarani.

"Alitoka Garissa jana na lori ya ng'ombe. Alitakiwa hapa asubuhi. Sisi tunangoja habari yake tangu alfajiri, halafu naona wewe kwa lango yangu umevaa hii nguo."

Sitaki kudanganya kwamba Munyiva alikuwa shujaa. Alishika mti wa lango akalia kwa sauti, na alichokuwa akililia si nikaha tena. Wakimkataa, wamkatae. Arudi Kangundo akashone sare za shule mpaka azeeke. Lakini Abdihakim awe anapumua mahali, hata kama ni mahali ambapo yeye hatamwona.

"Nani alikuambia uvae hivi?" Qaali akauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilimwona yule mama wa hapa, anayesimama kwa makaburi. Nikaona amejisitiri vizuri, nikaiga."

"Mama gani? Hapa hakuna mtu wa eda. Ya mwisho nilivaa mimi, na nilivua zamani."

Akakaribia amshike mkono amtoe langoni. Alimshika mkono wa kushoto. Vidole vyake vikakuta ule mkunjo, vikakuta uzi, akaushusha uso kuangalia. Kisha akauachia mkono ule kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Huu uzi nani ameshona?"

"Mimi mwenyewe, shangazi. Yule mama alikuwa nao."

Qaali alikaa chini. Pale pale mchangani, mwanamke mzima na heshima zake zote. Wazee wa barazani wakainuka nusu, akawaonyesha kwa mkono wakae.

Alisimulia akiangalia ule mkono wa gauni, wala si uso wa Munyiva. Baba yake Abdihakim alipofariki, mkewe, Nimco, alikaa eda katika nyumba hii. Alikuwa kijana, na kila siku alikonda, hata nguo ikawa inamzidi. Mikono ya gauni ikawa inamfunika vidole asiweze kula. Qaali akachukua uzi uliokuwa karibu, mweusi, akamkunjia mkono wa kushoto. Wa kulia alisema atamkunjia kesho. Nimco hakufika kesho. Alifariki akiwa ndani ya eda, hakuwahi kuvua, na mtoto wake Abdihakim alikuwa hajaanza hata madrasa.

"Tulimvika sanda kama wengine," Qaali akasema. "Lakini hiyo gauni mimi nilichoma, hapo nyuma ya jiko, kwa mkono yangu. Farhia hakuwa amezaliwa. Hakuna mtu anajua hiyo uzi. Abdihakim mwenyewe hajui."

Kule kwenye makaburi upepo ulikuwa umesimama, na mbuzi waliofungwa ndani ya zizi walikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia nzi.

Nawaambia, mwanamke mwingine angeokota viatu vyake akakimbia mpaka Kangundo bila kuangalia nyuma. Hata Munyiva wazo hilo lilimjia. Badala yake alipiga magoti mbele ya Qaali.

"Shangazi, nipe hata gunia nivae. Kama unanikataa, nikatae nikiwa na gunia. Lakini akija asinikute na hii nguo. Tafadhali. Nisaidie niitoe."

Ndipo Qaali alipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Alimwangalia kwa muda mrefu, jasho, machozi, vumbi na vyote. Akamwambia Farhia akimbie barabarani akaangalie kama kuna lori, na asirudi bila habari. Kisha akamshika Munyiva mkono, ule ule wa kushoto, akamwingiza ndani.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati. Lilipofunguliwa, harufu ya udi wa zamani ilijaa chumba. Qaali akatoa gauni refu la rangi ya chungwa, shingoni nakshi za kijani, na mtandio wake. Mikunjo ilikuwa imekaa kwenye kitambaa miaka mingi hata ikawa kama mistari.

"Nilimnunulia Nimco," akasema. "Ya kutoka eda. Mwanamke akimaliza, tunamwosha, tunamvalisha rangi, anatoka nje watu wamwone. Fundi wa Garissa alishona moja tu, akafa. Haijavaliwa."

Munyiva aliogopa kuigusa. Lakini alivua nyeupe, akaoga maji ya ndoo, akavaa. Ilimkaa kama aliyepimwa. Qaali alijaribu kumfunga mtandio kwa nyuma lakini fundo likafunguka, akajaribu tena likafunguka tena. Mwishowe akauacha umefunika kichwa tu, ncha zikining'inia mabegani, akasema Mungu anaona nia. Akaikunja ile nguo nyeupe akaipakata, wakatoka.

Walipita kaburi la Sheikh Gelle wakaomba kwanza hapo. Kisha Qaali akampeleka kwenye kaburi dogo kando ya ua, pale pale ambapo Munyiva alimwona yule mwanamke. Akamwonya asimame wima na asigeuze uso mpaka dua iishe, hata akisikia nini. Akapiga magoti mbele yake, akaiweka ile nguo nyeupe juu ya mchanga, akaanza kusoma.

Munyiva alisimama. Mchanga ulimchoma nyayo. Hakujua maneno, kwa hiyo aliomba kwa Kikamba, vile mamake humwomba Mungu akiwa na shida, bila mpango. Mtandio ulianza kumteleza kutoka kichwani. Akataka kuushika, akakumbuka hakuambiwa kama anaruhusiwa kusogea. Hapo akasikia vidole kisogoni, vya baridi, vyepesi, vikiuvuta mtandio juu na kuuweka sawa. Farhia amerudi, akawaza, na asante ikamfika mdomoni, lakini dua ilikuwa haijaisha.

Mbele yake Qaali alikuwa amemaliza Kiarabu. Sasa alisema kwa Kiswahili, na Munyiva alihisi kwamba ni kwa ajili yake, naye asikie.

"Nimco. Eda yako imeisha, dada yangu. Nilichelewa kukuambia. Vua. Toka nje."

Upepo ukaanza tena. Ndani ya zizi mbuzi mmoja akalia, halafu wote.

Na barabarani Farhia alikuwa akipiga kelele akiita jina.

Abdihakim alikuja kwa miguu akitokea juu ya kilima, amejaa vumbi mpaka nyusi, mkono wa kulia umefungwa shingoni kwa kikoi. Farhia alikuwa mbali nyuma yake, katika buibui lake jeusi, akijaribu kumfikia. Lori lilikuwa limechomoka gurudumu wakiteremka darajani, likalala ubavu. Dereva alivunjika mguu, ng'ombe kadhaa walikufa, na yeye alirushwa nje kabla halijagusa chini. Hata hakujua alirushwaje. Alisema mlango ulikuwa umefungwa, alikuwa ameufunga mwenyewe.

Haya yote aliyaeleza baadaye. Pale langoni alimwangalia Munyiva tu. Mbele za watu hawakuweza kugusana, wala hawakuhitaji. Munyiva alilia na kucheka pamoja, akamwambia amechelewa. Abdihakim akasema amechelewa lakini suruali yake pindo limefumuka, safari hii kwa haki. Kicheko kile. Munyiva alikisikia, moyo wake ukatulia.

"Umependeza," Abdihakim akamwambia. "Sikujua mnavaa sare."

"Sare na nani?"

"Na yule mwingine. Nilipotokea pale juu niliwaona wawili makaburini, nyuma ya eeddo, shangazi yangu huyu. Rangi moja, nakshi moja. Nikafikiri umemshonea Farhia." Akageuka, akamwona Farhia ndio kwanza anafika, amevaa nyeusi, anahema. "Sasa ni nani?"

Qaali alikuwa ameshika mti wa lango.

"Huyo mwingine," akamwuliza mpwa wake polepole, "alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa nyuma ya Munyiva, eeddo. Anamfunga mtandio."

Munyiva akapeleka mkono kisogoni. Fundo lilikuwepo. Dogo, limekazwa vizuri, fundo la mtu asiye na haraka. Qaali na Abdihakim walimwona akiligusa, na Qaali akaja akaligusa naye, kwa kidole kimoja, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake akalia, na hakuna aliyemzuia.

Alipomaliza alijipangusa. Akamtuma Farhia aweke maji ya chai, mengi, kisha akawaambia wazee wa barazani kwamba Ijumaa hii wataenda Kangundo kumsalimia mama yake huyu msichana.

"Shangazi," Munyiva akasema, "ina maana umekubali?"

"Mama yake mwenyewe amekuvalisha," Qaali akasema. "Mimi ni nani tena?"